Nani Hulipia "Maisha Nafuu" ya Sumbawanga?

Miaka michache iliyopita, aliyekuwa mwanafunzi wangu alipangiwa kazi ya Afisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Rukwa. Alipokuja ofisini kuniaga, mhadhiri mwenzangu aliyekuwa ameketi nami alimpongeza kwa maneno ambayo kila mtumishi aliyewahi kupelekwa pande zile ameyasikia: "Umepata bahati, mwanangu. Sumbawanga maisha ni nafuu. Debe la mahindi ni bei ya kutupa, maharage ndiko kwao, samaki wa Ziwa Tanganyika wanakufuata mlangoni. Mshahara ule ule wanaolia nao watu wa Dar es Salaam, kule utakutosha na chenji itabaki."

Binti yule aliitikia kwa adabu, "Ahsante, mzee wangu," akaondoka. Mimi nilibaki nikiitafakari ile kauli. Nimezaliwa Ufipa, na nimeisikia tangu utotoni. Aliambiwa hivyo mwalimu wangu wa darasa la nne, aliambiwa hivyo bwana shamba aliyepanga nyumba ya jirani yetu, na aliambiwa hivyo muuguzi wa zahanati. Kila mara ilisemwa kwa nia ya kumfariji mtu. Na kila mara aliyefarijiwa ndiye aliyekuwa na haki ya kudai zaidi.

Leo nataka kuiandikia kauli hiyo historia yake. Hoja yangu ni hii: unafuu wa maisha ya Ufipa haukuota ardhini pamoja na mahindi. Kwa zaidi ya miaka 100 sasa, unafuu huo umekuwa ujira ambao mtu fulani hakulipwa. Na afisa ustawi wa jamii, kuliko mtumishi mwingine yeyote, anakula unafuu huo kwa mkono mmoja na kuhudumia majeraha yake kwa mkono wa pili.

Jembe kabla ya rupia

Kwa msomaji asiyepajua, Ufipa ni uwanda ulioinuka, wenye baridi, na mji wa Sumbawanga upo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi inateremka hadi Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki inaporomoka ghafla hadi kwenye bonde lenye joto la Ziwa Rukwa. Miti juu ya uwanda ni michache, na udongo wa sehemu nyingi si wa kujivunia. Kwa hiyo wahenga walibuni kilimo cha intumba: nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikapinduliwa na kurundikwa katika vilima vidogo vya mviringo, zikaoza humo na kuwa mbolea. Msafiri anayepita barabarani baada ya mvua huviona vilima hivyo vimetapakaa hadi upeo wa macho. Wengi hudhani ni namna tu ya kulima. Ukweli ni kwamba ni kazi ya mikono iliyorutubisha nchi isiyokuwa na rutuba ya kutosha.

Wafipa pia walifua chuma katika tanuru za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu, na walifuma nguo za pamba. Jembe la Mfipa lilikuwa bidhaa na lilikuwa mahari. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alivutiwa na jinsi watu wa Ufipa walivyoithamini kazi na biashara. Mwenye shamba kubwa aliwaalika majirani, akawaandalia pombe ya ulezi, na kazi ikakamilika. Sitaki kuyapamba mambo ya kale: walikuwapo watawala na watawaliwa, na walikuwapo watumwa. Ila katika kazi ya kualikana, aliyenufaika na jasho la mwenzake alimjua mwenye jasho kwa jina, alijua idadi ya watu wa nyumbani kwake, na alijua kwamba kesho naye ataitwa. Ujira na maisha ya mpokeaji vilikuwa mbele ya macho ya mlipaji.

Rupia tatu

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki, rupia tatu kwa mwaka kwa kila nyumba ya kijijini. Kwa Ufipa, mamlaka hayo yalikuwa na makao yake Bismarckburg, mahali tunapopaita leo Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Lengo la kodi halikuwa mapato peke yake. Mtu asiyekuwa na rupia ilimpasa azitafute, na rupia zilikuwa mikononi mwa waajiri.

Waingereza walipochukua nchi hawakuugeuza mpango huo, waliukuza. Ufipa, mbali na reli na mbali na bandari, ikawa mojawapo ya nchi zinazotoa watu. Wanaume waliteremka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine walivuka mpaka kuelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakaenda hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako waliitwa manamba. Mkongeni walifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi, zinazopaswa kukamilika katika muda wa siku 42, ndipo mshahara utoke.

Mshahara huo ulihesabiwaje? Hapa ndipo kauli ya mwenzangu inapozaliwa. Katika makoloni ya Afrika Mashariki, mwajiri alilipa mshahara wa mseja. Hesabu yake ilikuwa chakula, nguo na kodi ya mtu mmoja. Mke, watoto na wazazi hawakuhesabiwa, kwa sababu, ilisemwa, wana mashamba yao nyumbani; kule maisha ni nafuu. Mfanyakazi akiugua au akizeeka, atarudi kwao. Mwajiri alipata mtu mzima aliyelelewa, kulishwa na kufundishwa adabu kwa gharama za wengine, kisha akamrudisha kwa gharama za wengine hao hao.

Babu yangu mzaa mama alikwenda mkongeni mara mbili. Alirudi na blanketi, sufuria na kikohozi. Katika miaka ile bibi aliinua intumba peke yake, akiwa na mtoto mgongoni na mama mkwe ndani ya nyumba asiyeweza tena kutembea. Mwajiri wa Tanga hakuwahi kumwona bibi yangu wala kusikia habari zake. Hata hivyo, kila mwaka bibi alikuwa anamchangia mwajiri huyo chakula cha watu wanne. Tukiulizana nani alikuwa mtumishi wa kwanza wa ustawi wa jamii katika Ufipa, mimi jibu langu ni wanawake wale. Walitunza wazee, yatima na wagonjwa walioachwa na uchumi wa kipande, na hawakulipwa hata senti.

Kanda tatu za mshahara

Ustawi wa jamii kama kazi ya ofisi uliingia Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko, watu walioiona dunia na ambao hawakutaka kurejea kimya kimya kwenye jembe. Vikajengwa vituo vya kukutania, kusomea na kuchezea, na wakaajiriwa watu wa kuviendesha. Vilianzia mijini na katika makao ya wilaya. Mwanamke wa kijijini Ufipa aliendelea na kazi yake ya zamani.

Uhuru ulileta badiliko la kweli katika mishahara. Kufuatia kazi ya Bodi ya Kima cha Chini iliyoongozwa na Chesworth mwaka 1962, kima cha chini cha taifa kilianza kutumika mwaka 1963. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wafanyakazi. Lakini tazama jinsi ulivyopangwa: shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam, shilingi 125 katika miji mingine kadhaa, na shilingi 100 kwingineko. Fikra ya mshahara wa mseja ilikuwa imeanza kuondoka, lakini imani ya "kule maisha ni nafuu" ilibaki na kuandikwa katika jedwali rasmi. Kadiri ulivyokuwa mbali na bahari, ndivyo ulivyodhaniwa kuhitaji kidogo.

Miaka minne baadaye likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Sitaki kulipita haraka, kwa sababu lina hoja inayonikabili hadi leo. Azimio lilionya kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima: barabara, hospitali na mishahara ya mjini hatimaye hulipwa kwa jasho la mwenye jembe. Mwaka huo huo Profesa Turner, aliyeletwa kupitia Shirika la Kazi la Kimataifa, alieleza kwamba mishahara imepanda haraka kuliko kipato cha wakulima, na serikali ikaweka sera ya kudhibiti ongezeko la mishahara. Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20 mwaka 1966. Hoja ilikuwa ya haki. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: kilichozuiwa kwenye mshahara wa mtumishi, je, kilimfikia mkulima?

Katika hali hiyo taifa lilianzisha chuo chake cha kufundisha kazi hii. Sheria Na. 26 ya mwaka 1973 ilianzisha Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza tukawa na taaluma yenye mtaala na cheti. Mwaka uliofuata, 1974, ukazaliwa Mkoa wa Rukwa, makao makuu yake Sumbawanga. Taaluma na mkoa vina umri unaokaribiana sana.

Bei moja, na baada yake

Katika miaka ile ya kati ya 1970 serikali ilifanya jambo ambalo wakulima wazee wa Ufipa bado wanalikumbuka. Iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Laela au Namanyere alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na reli, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikaingia katika mikoa minne mikuu ya nafaka. Kwa muda, umbali wa Ufipa haukuwa kosa la Mfipa.

Lakini shirika lilielemewa na madeni, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na bei za mafuta zilipanda. Kima cha chini kilichokuwa shilingi 340 mwaka 1974 kilifika shilingi 810 mwaka 1984, lakini bei zilikimbia kwa kasi zaidi. Wataalamu wa uchumi wamekadiria kwamba kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 mshahara ulipoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu yake ya kununua. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa. Sabuni na sukari vilikuwa vya foleni.

Nakumbuka miaka hiyo nikiwa mtoto. Mtumishi asiyekuwa na shamba alikuwa kioja. Ofisi zilikuwa tupu msimu wa kupanda, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa anayepaswa kuuliza naye alikuwa shambani. Serikali ilijua. Ilihimiza. Shamba la mtumishi likawa sehemu ya mshahara wake ambayo mwajiri haitoi. Mshahara wa mseja ulikuwa umerudi kwa jina jingine, safari hii mlipaji akiwa dola yetu wenyewe. Mwaka 1991, mjini Zanzibar, chama kiliyalegeza masharti ya Azimio, mtumishi akaruhusiwa rasmi kuwa na kipato cha pili. Wengi walisema ni ukombozi. Ulikuwa pia ungamo kwamba kipato cha kwanza hakitoshi.

Huku nyuma bei moja ilikuwa imekwisha. Soko lilifunguliwa, ruzuku ya mbolea ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na umbali ukarudi kuwa kosa la mkulima. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Ililipwa lami miaka mingi baadaye, kwa fedha za mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani uliosainiwa mwaka 2008. Kabla ya lami, mfanyabiashara aliyefika na lori alitaja bei yake, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa alikubali. Hata baada ya lami, mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei iliporomoka, na waliobeba hasara ni wale wale.

Sasa msomaji aunganishe mambo mawili. Debe la mahindi ambalo mwenzangu alimsifia binti yule ni la bei ya kutupa kwa sababu yupo mtu aliyelazimika kulitupa. Unafuu wa jikoni mwa mtumishi ni hasara ya mkulima. Na hasara hiyo haiishii sokoni.

Ghala lenye watoto wadumavu

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliikuta Rukwa ikiongoza nchi kwa udumavu: watoto kama 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Utafiti wa mwaka 2022 uliona nafuu kidogo, lakini bado ilikuwa karibu nusu ya watoto. Mkoa unaojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hauwajazi watoto wake. Sababu ni nyingi: uji wa mahindi matupu, mama anayeshinda shambani tangu alfajiri, maji, magonjwa. Katikati ya sababu hizo kuna bei. Ili kupata fedha, familia huuza maharage, karanga, kuku na mayai, kisha inakula kile kisichokuwa na thamani sokoni.

Familia za namna hiyo ndizo zinazofika mezani kwa afisa ustawi wa jamii. Baba ameondoka kutafuta kazi na hajarudi. Binti ametolewa shule akalee wadogo zake. Kijana amepelekwa kuchunga ng'ombe bondeni kwa ujira wa ndama asiyemwona. Mzee anaitwa mchawi ili ashambani kwake patwaliwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika afisa huyu mzigo mzito: kuchunguza, kuandika taarifa kwa ajili ya mahakama, kumwondoa mtoto hatarini, kufuatilia anakolelewa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, tunaouita MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, ukamwongezea kamati za ngazi zote. Mzigo umeongezwa kwa sheria. Mikono ya kuubeba haijaongezeka kwa kiasi hicho. Kata nyingi hazina afisa wake.

Daftari la binti

Mwaka jana nilipita Sumbawanga kwa msiba wa ndugu. Binti yule, sasa mama wa mtoto mmoja, alikuja kunisalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Tukaketi. Nikamuuliza kwa mzaha kama chenji inabaki. Akatoa daftari lake la matumizi, akanifungulia. Nilihesabu mistari 11 ya matumizi ya mwezi. Unga ulikuwa mstari mmoja, na kweli ulikuwa mdogo kuliko wa ndugu yake aliyepo Dar es Salaam. Mistari iliyobaki ilikuwa kodi ya chumba na sebule, mkaa wa kupikia na wa kuota moto katika baridi ya Juni, mafuta ya kula, sabuni, dawa, vifurushi vya simu, nauli, ada ya mdogo wake, matumizi ya mama yake, na mchango wa msiba au harusi. Karibu vyote hivyo vinapanda lori kutoka mbali, na kila kilomita huongeza bei. Kwa lugha nyingine, umbali unaoshusha bei ya mahindi ya mkulima ndio huo huo unaopandisha bei ya sabuni ya wote wawili.

Kisha akanionyesha hati ya mshahara. Katika kila shilingi 100 za mshahara wake wa msingi, 15 zinakwenda kurejesha mkopo wa elimu ya juu, 5 zinakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, na 3 bima ya afya. Hizo ni 23 kabla ya kodi ya mapato, kabla ya chama cha wafanyakazi, na kabla ya mkopo wa benki aliouchukua kununulia kiwanja. Ongezeko la kima cha chini cha utumishi wa umma, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000 mwaka 2022, na hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, ni hatua ya kupongezwa na nimeipongeza. Lakini kima cha chini si mshahara wa kila mtumishi, na wa ngazi yake hakuongezewa kwa kiwango hicho.

Hata hivyo mstari ulioniumiza zaidi ulikuwa wa nauli. Nilidhani ni nauli ya kwenda kazini. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Hiyo ni bodaboda ya kufuata mashauri." Halmashauri ina gari moja la kugombewa na idara zote, na mafuta hayapatikani kila mwezi. Mtendaji wa kijiji anapopiga simu usiku kwamba kuna mtoto amejeruhiwa, yeye hutoa nauli mfukoni mwake. Mwezi mmoja zilikuja simu mbili katika juma moja: mtoto wa bondeni, na mtoto wa kijiji kingine kilicho upande wa ziwa. Ilikuwa tarehe 19. Fedha iliyobaki ilitosha safari moja. Alikwenda bondeni. Alipofika kule kwingine baada ya mshahara kutoka, mtoto alikuwa amekwisha hamishwa kwa ndugu mkoa mwingine, na hadi leo hajui ni kwa ndugu gani. Alinieleza hayo huku akilifunga daftari taratibu, bila kulia na bila kulalamika.

Hapa kuna jambo la mfumo ambalo wengi hawalioni. Mshahara hutoka serikali kuu, lakini mafuta ya gari hutegemea kwa sehemu kubwa mapato ya ndani ya halmashauri. Katika mkoa wa wakulima, mapato hayo hutegemea sana ushuru wa mazao, ambao huhesabiwa kwa asilimia ya bei. Bei ya mahindi ikianguka, ushuru nao huanguka. Kwa hiyo mwaka ambao familia nyingi zinavunjika ndio mwaka ambao ofisi ya ustawi ina mafuta kidogo zaidi. Hakuna aliyekaa akapanga ukatili huo. Umejipanga wenyewe, kwa sababu kazi ya kulinda watoto tumeifungia kwenye bei ya debe.

Pengo hilo tumelijaza kwa watu wa kujitolea. Tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada mkubwa wa Marekani kupitia mapambano dhidi ya UKIMWI, vijiji vingi nchini vilipata wasaidizi wa ustawi wa jamii waliofunzwa kwa siku chache, wasiokuwa na mshahara ila posho ndogo ya mradi. Wengi wao ni wanawake. Walifanya kazi kubwa, na sitaki neno langu lolote lipunguze heshima yao. Lakini mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi kazi ya msingi ya dola ilivyokuwa imeegemea uamuzi wa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Nikiwatazama wasaidizi hao namwona bibi yangu: mwanamke wa kijijini anayebeba mzigo wa ustawi, akiambiwa kwamba hahitaji kulipwa kwa kuwa analo shamba.

Hoja ya jirani yangu mkulima

Najua swali linalokuja, na aliyeniuliza ni jirani yetu kijijini, mkulima wa ulezi na mahindi. "Wewe mtoto wetu unawalilia wenye mshahara. Mimi sina hata huo. Nani ataniandikia mimi?" Ni hoja ya Azimio la Arusha, imetoka katika kinywa chenye haki ya kuisema. Sina jibu la kumnyamazisha, na sitafuti la namna hiyo.

Ninachoweza kumwambia ni hiki. Kwa muda mrefu tumegombanishwa, mtumishi na mkulima, kana kwamba shilingi akinyimwa mmoja humfikia mwingine. Historia ya Ufipa haionyeshi hivyo. Babu alipolipwa kidogo mkongeni, bibi hakulipwa zaidi kwa kuwa babu amepunjwa; alilipa. Mishahara ilipodhibitiwa, bei moja ilisaidia kwa muda, kisha ikaondoka na mishahara ikabaki chini. Mahindi yanapouzwa kwa hasara, afisa anapata unga wa bei nafuu na kesi nyingi zaidi. Shamba la mkulima limetumika kama kisingizio cha kumpunja mtumishi, na mshahara wa mtumishi umetumika kama kisingizio cha kutomsikiliza mkulima. Wote wawili wanalipia kitu kimoja kutoka pande mbili.

Kwa hiyo madai yangu si nyongeza ya mshahara peke yake. Kwanza, safari za kulinda mtoto zilipwe kutoka hazina kuu, kama mshahara unavyolipwa, zisingoje ushuru wa mahindi. Pili, kila kata iwe na afisa, na msaidizi wa kijiji anayefanya kazi ya dola alipwe na dola. Tatu, tunapopima gharama za maisha za mtumishi wa pembezoni, tupime daftari zima, tusipime debe. Na nne, kwa ajili ya jirani yangu: ghala la taifa linunue mapema, kwa bei inayomwezesha mkulima kubakiza maharage na mayai kwa ajili ya watoto wake. Hili la nne litapunguza kazi ya afisa ustawi kuliko semina 100.

Binti yule bado yupo kituoni. Ameniambia msimu huu amekodi ekari moja, naye analima mwishoni mwa juma. Nilimuuliza kama anapenda kilimo. Akacheka: "Mwalimu, si kupenda. Ekari hii ndiyo nauli yangu ya mashauri."

Akija mwanafunzi mwingine kuaga akielekea Sumbawanga, nitamwomba mwenzangu asimwambie kwamba kule maisha ni nafuu. Amwambie kwamba kule wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamewalipia wengine, na kwamba yeye anakwenda kuwahudumia watoto wao.